Kabati la Joto Halikupoa

Kosa alilotendewa ni hili: kwenye bango kubwa lililobandikwa koridoni nje ya maabara, Daktari aliandika kwamba ugunduzi wake ulitokea kwa bahati, siku kabati la joto lilipopoa. Kabati halikupoa. Halijapata kupoa tangu liletwe. Kilichotokea ni kwamba mwanamke anayeosha vyombo alikataa kuchemsha minyoo walio hai, akachukua sahani yao kwa mkono wake mwenyewe, akaihamishia kwenye kabati la baridi. Kabati likatajwa, yeye hakutajwa. Ukiwekwa nyuma ya profesa, sawa, unameza mate yanapita. Lakini nyuma ya kabati!

Mwanamke mwenyewe maabara nzima inamwita Mama Sahani. Ana miaka hamsini na miwili, mikono minene, na kicheko kinachotangulia mlangoni kabla yake. Shule hakwenda. Alibakishwa nyumbani kulea wadogo zake, na wadogo zake ndio wakaenda. Jambo hilo hulitaja bila kulia, kama mtu anavyotaja jino lililokwisha kung'olewa. Kabla ya maabara alikunja mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa, mpaka siku ilipoletwa mashine ya kukunja, wakunjaji wote wakaambiwa asanteni. Jirani yake ndiye aliyemwambia kwamba kuna watu wanatafuta mtu wa kuosha vioo asiyevunjavunja.

Alipoulizwa mtaani kazi mpya ni ya nini, akasema ukweli: "Nafuga minyoo." Wiki nzima watu wakawa wanampa mkono wa juu juu, wengine wanafuta viganja kwenye nguo wakidhani hawaonekani. Ikabidi azunguke nyumba hadi nyumba kueleza kwamba si minyoo ya tumboni. Ni ya udongoni, midogo, ukiwapanga kichwa kwa mkia hamsini hawafiki urefu wa kidole. Hawaumi mtu. Hawana hata macho.

Kazi huanza na jeli. Huipika kwenye chupa kubwa, akaiacha ipoe mpaka anapoweza kuiweka chupa shavuni bila kusema "ai," kisha huimimina kwenye sahani ndogo za plastiki, mia mbili kwa asubuhi moja, kidole kimoja kikiinua kifuniko na kingine kikizuia povu. Jeli ikiganda, katikati hudondoshewa tone la bakteria, ndicho chakula cha minyoo, nao huwekwa juu yake kula, kutaga na kuzeeka. Sahani zilizokwisha kazi humrudia yeye azichemshe kwenye sufuria la mvuke. Kwa hiyo minyoo wa jengo lile wanaingia duniani kwa mkono wa Mama Sahani, na kwa mkono huo huo wanatoka.

Wenzake husoma maandishi ya kalamu ubavuni mwa sahani. Yeye hayo hayajui, ila rangi za mistari anazijua, na kuna maandishi mengine anayoyasoma kuliko wote: ya minyoo wenyewe. Mnyoo anapotembea juu ya chakula chake huacha njia. Mzima huandika mawimbi, sawasawa, kama mtoto anayejaza ukurasa kwa kalamu mpya. Mwenye njaa huandika mstari wa kutoka, hadi ukingoni. Kuna ukoo mmoja unaojiviringisha, huo huandika duara, duara, duara, mpaka ukiwaangalia unasikia kizunguzungu. Mama Sahani akiinua sahani kwenye mwanga wa dirisha anakwambia hawa ni akina nani na wamelalaje.

Basi siku moja zikamjia sahani arobaini zenye mstari mwekundu, kutoka kabati la joto. Daktari mwenyewe alizileta kwenye toroli. Ni mwanamume wa miaka arobaini na ushee, mwenye haraka, koti jeupe limekunjamana kama limetafunwa.

"Mama Sahani, hawa wamekufa wote. Sijui jeli ilikuwa na nini. Chemsha zote."

Hilo neno la jeli lilimchoma. Jeli yake haijawahi kuua mtu. Akachukua sahani ya juu, akaenda nayo kwenye hadubini ambayo mwanafunzi alikuwa ameiacha inawaka. Mwanafunzi ni binti mpole, mwaka wake wa pili hapo, na ndiye aliyemwonyesha Mama namna ya kuzungusha kile kitasa mpaka ukungu uondoke.

Ukungu ukaondoka. Minyoo walikuwa wamelala, wamenyooka tuli, kama vipande vya uzi chini ya cherehani. Hakuna mawimbi, hakuna njia. Lakini shingoni mwa kila mmoja kuna kidonge kidogo, na kile kidonge kilikuwa kinapiga. Puk, puk, puk. Walikuwa wanameza.

"Mwanangu," akamwita binti. "Njoo. Umeona maiti gani anakula?"

Binti akainama. "Ni kweli wanameza. Lakini Mama, Daktari kasema zichemshwe zote."

"Nimemsikia. Thelathini na tisa nitachemsha."

Kumbe alikuwa amekumbuka jambo. Babu na bibi za minyoo hawa, wenye mstari mwekundu huo huo, aliwaona mwezi uliopita wakitoka kabati la baridi, na walikuwa wanaandika mawimbi kama wengine wote. Jeli ni ile ile, chakula ni kile kile, ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni kabati tu. Akafunga uzi mwekundu wa kushonea kuzunguka ile sahani ya arobaini, ndiyo alama yake, akaiweka kabati la baridi, nyuma kabisa.

Siku sita baadaye Daktari akaiona.

"Nani kaniwekea uchafu humu?"

"Mimi."

"Si nilisema zichemshwe?"

"Ulisema wamekufa, Daktari. Hawajafa."

"Mama, tafadhali. Kila mtu na kazi yake."

"Daktari," akasema binti, ambaye tayari alikuwa ameipeleka sahani chini ya hadubini, "njoo uone."

Akaenda kwa hasira, akainama, akakaa ameinama muda mrefu. Wale mama walikuwa bado wamelala pale pale. Hawakuamka, misuli iliyokwisha kuharibika haikurudi, na hata mayai walishindwa kuyasukuma nje, yakaanguliwa humo humo matumboni, watoto wakajitobolea njia. Lakini watoto, waliokua kwenye baridi, walikuwa wameenea sahani nzima, wanaandika mawimbi kuzunguka mama zao.

Daktari alisema neno moja tu: "Kumbe." Kisha akamvutia Mama Sahani stuli akae. Tangu aanze kazi humo alikuwa hajawahi kuvutiwa stuli.

Yaliyofuata ni miaka miwili ya sahani. Minyoo wakalelewa kwenye joto, kwenye baridi, nusu huku nusu kule. Mama Sahani hakumbuki kuchoka. Asubuhi alikuta kazi yake imepangwa, mchana alikula na binti kwenye ngazi za nyuma penye kivuli, jioni alirudi na habari. Mume wake, fundi viatu anayefanyia kazi barazani, aliwajua minyoo kwa koo zao kama wengine wanavyojua timu za mpira. "Wale wa duara wamefikia wapi?" alikuwa akiuliza, misumari mdomoni. "Bado wanazunguka, mzee." "Wana kitu wanatafuta hao."

Siku Daktari alipolipata jibu, alilichora ubaoni kwa ajili ya binti. Mama Sahani alikuwa anapiga deki, akapiga sehemu moja mara tatu ili asikie.

"Msuli wa mnyoo ni nyuzi," Daktari akasema. "Nene na nyembamba, zimepangwa kwa safu. Uzi mnene una vichwa vidogo vingi. Vichwa hivyo vinaukamata uzi mwembamba, vinauvuta, vinaachia, vinakamata tena. Hapo ndipo mnyoo anajipinda na kwenda. Sasa, uzi mnene umejengwa kwa protini, na kila kichwa cha protini hiyo lazima kijikunje sawasawa. Kikijikunja vibaya hakivuti kitu, seli inakichanachana na kukitupa. Hawa wa mstari mwekundu protini ya kuvuta wanayo, nzima kabisa. Iliyoharibika ni nyingine, ile inayoisaidia ya kwanza ijikunje. Kwenye baridi inajitahidi. Kwenye joto inashindwa."

"Niiandikeje kwa Kiswahili?" binti akauliza. "Kisaidizi cha ukunjamano?"

"Hapana, hiyo inatisha. Kiwezeshi cha..." Daktari akakwama, kalamu hewani.

"Hiyo ni mshikapembe," akasema Mama Sahani.

Wakageuka wote wawili.

"Nini?"

"Mshikapembe. Daktari, umeshakunja shuka la hospitali peke yako?"

"Mimi? Huwa sikunji."

"Hilo hata koti lako linasema." Binti akaficha mdomo. "Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anakunja, mwingine anashika pembe. Mshikapembe shuka si lake, na wodini haendi nalo. Kazi yake ni kutoachia. Akiachia, linaanguka sakafuni, linachafuka, linarudi kwenye pipa la kufuliwa. Nilikuwa na mwenzangu mmoja, siku za joto viganja vinamtoka jasho, pembe inamponyoka, kutwa tunaokota. Siku za baridi anashika kama koleo. Mtu yule yule."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Na shuka likishakunjwa?" binti akauliza. "Kazi yake imekwisha?"

"Imekwisha wapi? Wagonjwa wanageukageuka. Kila siku linarudi limekunjamana, kila siku tunashika tena."

"Ndivyo ilivyo," Daktari akasema taratibu. "Ndivyo ilivyo hasa. Vichwa vinavuta maisha yote, joto linavivuruga, na hii protini inarudi kuvishika vijikunje upya. Si kujenga tu. Ni kutunza." Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MSHIKAPEMBE.

Tangu siku hiyo neno likakaa. Wageni wakija, Daktari anasema mshikapembe. Kwenye simu anasema mshikapembe. Mama Sahani akilisikia anatabasamu kwenye sinki peke yake, kama mtu aliyepita mtaani akasikia mtoto wake anaitwa.

Kisha likaja bango. Ugunduzi ulikuwa umechapishwa kwenye jarida la wataalamu, na bango lilikuwa muhtasari wake, kwa ajili ya mkutano wa wageni. Mama Sahani akamwomba binti amsomee. Binti akasoma kidole kikifuata mistari, mpaka akafika pale: "Kasoro hii iligunduliwa kwa bahati, baada ya kabati la joto kupoa kwa hitilafu."

"Rudia."

Akarudia, sauti chini zaidi.

"Endelea."

"Protini hii tumeipa jina la mshikapembe."

"Tumeipa nani na nani?"

"Daktari... mimi... na wawili ambao hata hapa hawajafika."

Mama Sahani akatazama bango, herufi zake nyeusi zote sawa machoni pake. Kila asubuhi kwa miaka minne ndiye anayelifuta kabati lile. Alibandika kipande cha plasta ya kijani pale mshale wake wa kipimajoto unapotakiwa kusimama, na mshale haujawahi kuiacha plasta hiyo hata kwa unene wa unywele.

"Na kabati nalo limesingiziwa," akasema.

"Mama, mimi nilimwambia."

"Ulimwambiaje?"

"Nilitaka kumwambia."

"Basi hukumwambia." Akamshika bega, maana binti alikuwa anaanza kulia, na kulia ilikuwa zamu ya mwingine. "Haya, nenda kazini."

Jioni akamweleza mume wake yote, amesimama, bado ana mkoba begani. Fundi akatoa misumari mdomoni moja moja.

"Yaani umeshika pembe za ng'ombe, mwenzio kakamua."

Akataka kukasirika, akashindwa. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye rundo la soli, machozi yanamtoka, na katikati ya kicheko machozi yakawa ya aina nyingine. Fundi akamwachia nafasi.

"Unataka nini hasa, mama watoto?"

"Waandike. Mstari mmoja. Kwamba aliyehamisha sahani ni mimi."

"Na utausomaje?"

"Utanisomea wewe."

"Miwani yangu imevunjika mguu."

"Si fundi wewe? Ushone."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mama Sahani alikuwa mlangoni na sinia la glasi za maji. Daktari akaeleza vizuri. Lazima isemwe, mtu yule kueleza anajua. Akafika kwenye kabati lililopoa, akapita haraka kama anayeruka dimbwi. Alipomaliza, mgeni mmoja wa mbele, profesa mzee wa kike mwenye fimbo, akanyanyua mkono.

"Swali dogo. Kabati lilipopoa, lilikuwa na sahani ngapi ndani?"

"Mia na kitu," Daktari akasema.

"Zenye mstari mwekundu je?"

"Arobaini."

"Na ngapi zilibadilika?"

Daktari akakohoa. "Moja."

"Kabati limepoa kwa sahani moja?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Macho ya Daktari yakazunguka ukumbi yakitafuta pa kutua, yakatua mlangoni, kwenye sinia. Mama Sahani aliona kabisa kwamba hamwombi aseme. Anamwomba anyamaze.

Akaweka sinia juu ya meza, polepole, glasi zisigongane.

"Kabati halikupoa," akasema. "Sahani niliihamisha mimi."

Profesa akajigeuza kitini mzima mzima, fimbo na yote. "Kwa nini uliihamisha, mama?"

"Walikuwa wanameza. Niliambiwa ni maiti, na maiti hamezi."

Sasa hakuna aliyecheka. Profesa akatoa kijitabu akaandika, kisha akamtazama Daktari na kungoja. Uso wa Daktari ulikuwa umeiva. Hata hivyo, apewe haki yake, hakukana.

"Ni kweli," akasema mbele ya wote. "Mimi niliamuru zichemshwe. Yeye alikataa. Na jina la mshikapembe pia ni lake."

Wakapiga makofi. Profesa alipiga fimbo sakafuni badala ya makofi, na wakati wa mapumziko akataka kuonyeshwa maandishi ya minyoo. Wakasimama wawili dirishani, sahani juu kwenye mwanga, mmoja amesoma dunia nzima na mwingine hajasoma hata ubavu wa sahani, wakibishana kama njia fulani ni ya mnyoo mzee au mgonjwa. Ilikuwa ya mzee. Mama Sahani ndiye aliyepatia.

Watu walipoondoka Daktari akamfuata kwenye sinki.

"Mama, ungeniambia kwanza pembeni."

"Na wewe ungeniuliza kwanza kabla hujaandika."

Akasimama akizungusha kifuniko cha sahani vidoleni. "Niliona aibu," akasema mwisho. "Ningeandika ukweli, ningeonekana nimeamuru ugunduzi wangu mwenyewe uchemshwe."

"Si uliamuru?"

"Niliamuru."

"Basi."

"Nitawaandikia wale wa jarida wasahihishe. Sentensi moja tu. Na bango nitalibadilisha. Nakuahidi, Mama."

Hiyo ni miezi minane sasa. Mama Sahani hana maisha mabaya, asidhaniwe. Jeli inaganda bila povu. Stuli ni yake, hakuna anayeikalia. Wanafunzi wapya wakiingia hupelekwa kwanza kwake, wiki nzima, wafundishwe kusoma njia kabla ya kushika kalamu, naye huwatania mpaka wanamzoea. Fundi ameshona mguu wa miwani kwa uzi wa viatu, amekaa mkao wa kusoma. Yaliyosemwa ukumbini yalisemwa, na yeye aliyasikia kwa masikio yake.

Lakini kwenye jarida mpaka leo limeandikwa kabati, na koridoni bango ni lile lile. Kila anayepita anasoma uongo na kuuamini, maana umeandikwa vizuri. Kila wiki humuuliza binti, na kila wiki binti hutazama, akarudi akitikisa kichwa. Sentensi moja haijalipwa: kwamba sahani ilihamishwa na mwanamke anayeosha vyombo, kwa sababu aliona wanameza. Anayedaiwa ni Daktari, yeye peke yake. Binti alitubu, na kabati halina kosa.